Rubani asiye na kaburi ambaye jina lake liliwapeleka Wakenya masomoni Marekani

KIJIJI cha Blythburgh, katika kaunti ya Suffolk mashariki mwa Uingereza, ni mahali pa mashamba, vinamasi na misitu midogo ya misonobari. Bahari ya Kaskazini haiko mbali. Sifa kuu ya kijiji hicho ni kanisa kongwe la mawe linaloonekana kutoka mbali, na msafiri apitaye barabarani hana la kumjulisha kwamba hapo palitukia jambo kubwa.

Hata hivyo, jioni ya Agosti 12, 1944, juu ya misitu hiyo, ndege ya kivita iliyosheheni karibu tani kumi za vilipuzi ilipasuka ghafla angani. Vipande vyake vilitawanyika mashambani na vichakani. Wanajeshi wawili wa Jeshi la Wanamaji la Marekani waliokuwamo hawakupatikana wakazikwa.

Mmoja wao alikuwa Luteni Joseph Patrick Kennedy Junior, ambaye jamaa na marafiki walimwita Joe. Alikuwa ametimiza umri wa miaka 29 siku 18 tu zilizotangulia. Alikuwa kifungua mimba wa familia tajiri ya Boston, na tangu utotoni alilelewa kwa matarajio kwamba siku moja angekuwa Rais wa Marekani. Kiti hicho hatimaye kilikaliwa na mdogo wake, John Fitzgerald Kennedy, na jina la Joe likabaki katika kivuli cha nduguye.

Kwa Wakenya, jina hilo lina uzito wa namna yake. Miaka 16 baada ya mlipuko wa Blythburgh, wakfu ulioanzishwa kwa kumbukumbu ya rubani huyo ndio uliolipa nauli za vijana waliotoka Nairobi kwenda vyuo vikuu vya Marekani, akiwemo msichana kutoka Nyeri ambaye ulimwengu ulikuja kumfahamu kama Profesa Wangari Maathai.

Mtoto wa matumaini

Joe alizaliwa Julai 25, 1915, mjini Hull, ufukweni mwa jimbo la Massachusetts. Alikuwa wa kwanza katika watoto tisa wa Joseph Kennedy na mkewe Rose. Babu zake wote wawili walikuwa wanasiasa wa Boston. Babu mzaa mama, John Fitzgerald, aliwahi kuwa meya wa jiji hilo, na husimuliwa kwamba siku mjukuu alipozaliwa, mzee huyo aliwatangazia wanahabari kuwa Rais wa baadaye amepatikana.

Maneno hayo yangeweza kuchukuliwa kuwa mzaha wa babu aliyejaa furaha. Baba mtu, lakini, aliyachukulia kwa uzito. Kennedy mkubwa alikuwa Mkatoliki mwenye asili ya Ireland katika jiji ambalo Waprotestanti wa koo za zamani waliwadharau watu wa aina yake. Alichuma utajiri mwingi katika soko la hisa na biashara ya filamu, ila aliona kwamba fedha peke yake hazikutosha kumfungulia kila mlango. Alitaka mwanawe afike mahali ambapo hakuna mtu angeweza kumfungia mlango tena.

Kwa kuwa baba alikuwa safarini mara kwa mara, Joe alikuwa kama baba mdogo nyumbani. Aliwafundisha wadogo zake kuogelea na kuendesha mashua, na aliwatia adabu walipokosa. Alikuwa na afya njema, sura ya kupendeza na hasira za haraka.

Aliyeumia zaidi kwa ukakamavu huo alikuwa John, aliyezaliwa miaka miwili baada yake. John alikuwa mgonjwa wa mara kwa mara na mwenye mwili dhaifu, lakini hakukubali kushindwa. Siku moja ndugu hao walishindana kwa baiskeli, wakizunguka nyumba kutoka pande mbili, na hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake. Waligongana ana kwa ana. Joe hakuumia, John alishonwa nyuzi 28. Ushindani huo haukuisha hadi kifo kilipowatenganisha, na huenda haukuisha hata baada ya hapo.

Katika shule ya Choate, jimboni Connecticut, Joe alituzwa kwa kufaulu darasani na uwanjani. Alihitimu mwaka wa 1933 na babake akampeleka London kusoma kwa mwaka mmoja chini ya Harold Laski, msomi Myahudi wa mrengo wa kushoto. Kennedy mkubwa, bepari aliyebobea, alitaka mwanawe awafahamu vyema watu wenye mawazo yaliyo kinyume na yake. Joe hata aliandamana na Laski hadi Urusi.

Makosa ya kijana

Historia ya Joe haiwezi kusimuliwa kwa haki ikiwa itapakwa rangi ya utakatifu. Mwaka wa 1934 alizuru Ujerumani, Adolf Hitler akiwa ameshika hatamu kwa mwaka mmoja na ushei. Barua aliyomwandikia babake kutoka huko imehifadhiwa na kuchapishwa. Ndani yake kijana huyo wa miaka 18 alionyesha kuvutiwa na utaratibu wa Wanazi, akatafuta sababu za kueleza chuki yao dhidi ya Wayahudi, na akaisifu sheria iliyoruhusu serikali kuwafunga uzazi kwa nguvu watu waliohesabiwa kuwa na kasoro za akili au za mwili.

Aliyaandika hayo ilhali nyumbani kwao mlikuwa na Rosemary, dada yake, ambaye tangu utotoni alikuwa nyuma ya wenzake kiakili, na ambaye Joe alimpenda na kumtunza. Hakuonekana kutambua kwamba sheria aliyoisifu ingeweza kumwangukia dada kama huyo. Miaka mingi baadaye, wakfu wenye jina la Joe ulikuja kuwa miongoni mwa watetezi wakubwa zaidi wa watu wenye ulemavu wa akili duniani.

Joe alihitimu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1938, mwaka ambao babake aliteuliwa kuwa balozi wa Marekani nchini Uingereza. Alimfuata huko, na mapema mwaka wa 1939 aliingia Uhispania na kujionea jiji la Madrid katika siku za mwisho za vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Balozi Kennedy alipinga vikali wazo la Marekani kuingia katika vita dhidi ya Ujerumani, na aliamini Uingereza ingeshindwa. Msimamo huo ulimharibia jina, na mwishoni mwa mwaka wa 1940 akajiuzulu. Mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa akisomea sheria Harvard, alikuwa na maoni kama ya babake.

Mwaka huo huo Joe alihudhuria kongamano la chama cha Democratic mjini Chicago akiwa mjumbe wa Massachusetts. Alikuwa ameahidi kumpigia kura James Farley. Ilipodhihirika kwamba Rais Franklin Roosevelt angeteuliwa kwa urahisi kuwania muhula wa tatu, wajumbe walishinikizwa kugeuka. Joe alikataa kuivunja ahadi yake. Kura yake haikubadilisha matokeo, lakini wakongwe wa siasa walianza kumtazama kijana huyo kwa makini.

Ndugu wawili vitani

Ingawa hakutaka nchi yake iingie vitani, Joe hakutaka kukaa pembeni vita vikija. Mnamo Juni 1941, akiwa amebakisha mwaka mmoja tu kumaliza masomo ya sheria, alijisajili katika Jeshi la Wanamaji ili awe rubani. Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor mnamo Desemba mwaka huo, tayari alikuwa mafunzoni. Alihitimu urubani Mei 1942, kisha akapangiwa kazi ya doria katika eneo la Karibi.

Kazi hiyo ilikuwa ya maana, ila haikuwa na sifa. Nuru ya familia, kwa mara ya kwanza, ilihamia kwa John. Agosti 1943, boti ya kivita ya PT-109 iliyokuwa chini ya uongozi wa John ilikatwa vipande viwili na manowari ya Japani katika Visiwa vya Solomon, bahari ya Pasifiki. John, licha ya mgongo wake mbovu, aliogelea kwa saa kadhaa akimburura baharia aliyejeruhiwa. Magazeti ya Marekani yalimshangilia.

Mwezi uliofuata familia ilikutana kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Kennedy mkubwa. Joe alikuwapo kabla ya kuondoka kwenda Ulaya. Imesimuliwa kwamba mmoja wa wageni aliinua glasi kumpongeza mzee huyo kwa kuwa baba wa shujaa, naye alimkusudia John. Joe alitabasamu mezani. Usiku, mtu aliyelala chumba kimoja naye alimsikia akilia.

Majuma machache baadaye alikuwa Uingereza pamoja na kikosi chake, VB-110. Kutoka uwanja wa Dunkeswell, kusini magharibi mwa nchi hiyo, waliruka kwa ndege kubwa za aina ya Liberator kuwinda nyambizi za Ujerumani katika Ghuba ya Biscay. Safari moja iliweza kuchukua zaidi ya saa kumi juu ya maji matupu, katika ukungu na baridi. Wenzake kadhaa hawakurejea.

Akiwa huko alijitokeza kama kaka mkubwa kwa namna ambayo haikuhitaji silaha. Dada yake Kathleen aliamua kuolewa na William Cavendish, mrithi wa ukoo mkubwa wa kikabaila wa Uingereza ambaye alikuwa wa Kanisa la Anglikana. Mama yao, Mkatoliki shupavu, alisononeka sana. Ndoa ilifungwa mjini London Mei 6, 1944, na katika familia nzima ya Kennedy ni Joe peke yake aliyehudhuria na kusimama na dada yake.

Kufikia wakati huo alikuwa amekamilisha idadi ya safari zilizomruhusu kurudi nyumbani. Aliomba kubaki hadi uvamizi wa Normandy wa Juni 1944. Uvamizi ulipita, mizigo yake ikiwa tayari kusafirishwa. Ndipo zilipoletwa habari za kazi ya siri iliyohitaji mtu wa kujitolea. Joe alijitolea.

Bomu lenye mabawa

Uingereza ya wakati huo ilikuwa ikishambuliwa kwa makombora ya V-1 kutoka pwani ya Ufaransa. Majasusi walikuwa pia wamegundua ngome kubwa iliyochimbwa ndani ya kilima katika kijiji cha Mimoyecques, kaskazini mwa Ufaransa. Humo Wajerumani walikuwa wakijenga mizinga mirefu isiyo ya kawaida, iliyojulikana kama V-3, iliyoelekezwa London umbali wa kilomita 165. Mabomu ya kawaida yaliaminika kuwa hayawezi kupenya ngome za namna hiyo.

Wamarekani walibuni mpango ulioitwa Aphrodite. Ndege kuukuu za kuangusha mabomu zingeondolewa kila kitu kisichohitajika na kujazwa vilipuzi. Zingeongozwa kwa mawimbi ya redio na ndege nyingine iliyoruka nyuma yake, hadi zijigonge kwenye shabaha. Leo chombo cha aina hiyo kingeitwa droni. Jeshi la Wanamaji lilikuwa na tawi lake la mpango huo, na ndege yake ilifungwa kamera ya televisheni puani ili mwongozaji aone inakokwenda.

Kasoro ilikuwa moja. Teknolojia ya wakati huo haikuweza kuipaisha kwa usalama kutoka ardhini ndege iliyojaa mzigo huo. Ilibidi watu wawili wairushe, waifikishe kwenye kimo kinachofaa, wakabidhi usukani kwa redio, waviweke vilipuzi tayari, kisha waruke kwa parachuti kabla ndege haijavuka bahari kuelekea Ufaransa.

Majaribio ya kwanza yalifanywa na jeshi la angani Agosti 4, 1944. Hayakufanikiwa, na rubani mmoja alipoteza maisha. Zamu ya Wanamaji ilifika siku nane baadaye, katika uwanja wa Fersfield, kaunti ya Norfolk. Ndege ya Joe, Liberator, ilipakiwa zaidi ya kilo 9,600 za Torpex, kilipuzi chenye nguvu kupita TNT.

Imeandikwa kwamba afisa mmoja wa masuala ya umeme, Earl Olsen, hakuridhika na mfumo wa kuwasha vilipuzi. Alihofia kwamba ungeweza kulipuka bila kukusudiwa, akawaeleza wakubwa zake, kisha akamwonya Joe mwenyewe na kumsihi aahirishe safari. Joe alimshukuru lakini hakuahirisha.

Wengi wamejiuliza ni kwa nini. Wapo wanaosema alitaka kumpita John. Wengine huona kwamba rubani aliyejitolea, na ambaye wenzake walikuwa wakimngoja, hangeweza kwa urahisi kurudi nyuma usiku wa mwisho. Huenda yote mawili ni kweli, kwa kuwa moyo wa mwanadamu ni kichaka.

Dakika ishirini za mwisho

Aliyekaa kando ya Joe alikuwa Luteni Wilford Willy, mwenyeji wa Fort Worth, Texas, mume na baba wa watoto watatu. Awali nafasi hiyo ilikuwa ya afisa mwingine, lakini Willy, mtaalamu wa mitambo ya kuongozea ndege kwa mbali, aliichukua.

Waliondoka kabla tu ya saa kumi na mbili jioni. Angani walifuatwa na ndege mbili za aina ya Ventura zenye mitambo ya kuwaongoza, na nyuma kidogo ndege ya Mosquito iliyobeba kamera kurekodi tukio hilo. Liberator ilipaa vizuri hadi futi 2,000, ikageuka kwa amri ya redio kama ilivyotakiwa. Joe na Willy wakaondoa pini ya usalama ya vilipuzi, na Joe akatoa neno la siri redioni kuashiria kwamba sasa ndege ilikuwa mikononi mwa waongozaji.

Kama dakika mbili baadaye, saa kumi na mbili na dakika ishirini, ndege ililipuka. Walikuwa wamebakisha angalau dakika kumi kufika mahali pa kurukia, karibu na Manston, kaunti ya Kent. Mosquito iliyokuwa ikipiga picha ilitikiswa na kuharibika, na waliokuwamo wakajeruhiwa. Chini, nyumba zilipasuka vioo na mapaa, na mioto midogo ikazuka vichakani karibu na Blythburgh. Ardhini hakuna aliyeuawa.

Chanzo cha mlipuko hakikuthibitishwa kamwe. Wachunguzi walitaja uwezekano kwamba wimbi la redio lililopotea njia liliamsha kifaa cha kulipulia, au kwamba mtambo wa umeme ulipata joto kupita kiasi. Vyovyote vile, hofu ya Olsen ilikuwa na msingi.

Lililo chungu zaidi lilijulikana baadaye. Julai 6, 1944, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya safari ya Joe, ndege za Uingereza zilikuwa zimeangusha mabomu mazito ya Tallboy juu ya Mimoyecques na kuiharibu vibaya ngome hiyo. Wajerumani waliiacha kazi ya ujenzi. Washirika hawakulitambua hilo. Mwanzoni mwa Septemba, wanajeshi wa Canada walipoiteka sehemu hiyo, waliikuta mizinga haijakamilika wala haiwezi kutumika. Joe na Willy walikufa wakielekea kwenye shabaha iliyokuwa imekwisha kufa.

Mpango wa Aphrodite uliendelea kwa miezi michache bila mafanikio ya maana, ukafutwa Januari 1945. Maafisa hao wawili walitunukiwa Navy Cross, nishani kubwa ya Jeshi la Wanamaji. Kwa kuwa hawana makaburi, majina yao yamechongwa katika ukuta wa waliopotea kwenye makaburi ya wanajeshi wa Marekani karibu na Cambridge.

Mzigo uliomwangukia mdogo

Alasiri ya Jumapili, Agosti 13, makasisi wawili wa jeshi walibisha hodi katika nyumba ya familia huko Hyannis Port, Massachusetts. Kennedy mkubwa aliwapa watoto habari, akawataka wawe jasiri, kisha akajifungia chumbani. Kwa miaka mingi baadaye haikuwa rahisi kwake kulitaja jina la Joe bila machozi. Mwezi uliofuata mumewe Kathleen naye aliuawa vitani nchini Ubelgiji. Kathleen mwenyewe alifariki katika ajali ya ndege nchini Ufaransa Mei 1948.

John, aliyekuwa akiuguza mgongo, alikusanya kumbukumbu za jamaa na marafiki kuhusu nduguye na kuzichapisha katika kitabu kidogo cha familia. Kisha matarajio ya baba yakamgeukia. Mwaka wa 1946 aliwania ubunge na kushinda, safari iliyomfikisha Ikulu ya White House Januari 1961. Alikiri mara kadhaa kwamba nafasi hiyo ilikuwa ya kaka yake.

Jina la Joe liliingia baharini pia. Manowari ya USS Joseph P. Kennedy Jr. ilishushwa majini Julai 26, 1945. Robert, ndugu yao mdogo, aliitumikia akiwa baharia wa ngazi ya chini mwaka wa 1946. Oktoba 1962, dunia ilipokaribia vita vya nyuklia kuhusu Cuba, Rais John Kennedy aliamuru meli zinazoelekea kisiwani humo zikaguliwe. Miongoni mwa manowari zilizoisimamisha meli ya mizigo Marucla na kuikagua ilikuwa hiyo yenye jina la nduguye.

Nauli ya Wakenya

Ukumbusho uliowagusa watu wengi zaidi, hata hivyo, ulikuwa wa fedha. Mwaka wa 1946 Kennedy mkubwa alianzisha Wakfu wa Joseph P. Kennedy Junior. Baada ya kuanza kwa misaada kwa hospitali na makao ya watoto, uliegemea zaidi utafiti na huduma kwa watu wenye ulemavu wa akili. Dada yao Eunice, akiongozwa na yaliyomkuta Rosemary, ndiye aliyekuwa nguzo ya kazi hiyo, na Julai 1968 michezo ya kwanza ya Special Olympics ikafanyika mjini Chicago.

Kwa Kenya, wakfu huo uliingia kwa mlango mwingine. Nchi ilikuwa ikikaribia uhuru bila chuo kikuu kamili, na nafasi katika chuo cha Makerere nchini Uganda zilikuwa haba. Tom Mboya, mwanasiasa kijana na kiongozi wa wafanyakazi, alikuwa amezunguka Marekani akitafuta ufadhili. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81, kwa michango ya Wamarekani, wakiwemo mchezaji Jackie Robinson na msanii Harry Belafonte.

Mwaka uliofuata ufadhili wa masomo ulipatikana kwa wengi zaidi, ila nauli hazikuwapo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kusaidia. Julai 26, 1960, siku moja baada ya tarehe ambayo Joe angetimiza miaka 45, Mboya alikutana na Seneta John Kennedy huko Hyannis Port. Kennedy alikuwa ametoka tu kuteuliwa mgombea urais. Matokeo ya mazungumzo hayo na yaliyofuata ni kwamba wakfu wa Joe ulitoa dola 100,000.

Habari hizo zilipofika kambi ya mgombea wa Republican, Richard Nixon, wizara ile ile iliyokataa iligeuka ghafla na kuahidi kiasi sawa na hicho. Waandalizi waliichagua ahadi ya wakfu. Seneta Hugh Scott akamshutumu Kennedy kwa kutumia fedha za hisani kisiasa, na mjadala mkali ukazuka bungeni. Katikati ya mvutano huo wa wakubwa, vijana kutoka Kenya na nchi jirani waliendelea kufunga masanduku yao.

Inafaa kusahihisha dhana moja iliyoenea. Barack Obama mkubwa, babake Rais wa 44 wa Marekani, alifika Hawaii mwaka wa 1959, kabla ya fedha za wakfu kutolewa. Hakuwa miongoni mwa waliolipiwa nauli hiyo. Wangari Maathai ndiye aliyekuwa katika kundi la 1960. Alijiunga na chuo cha Mount St. Scholastica mjini Atchison, Kansas, akasomea biolojia, na hatimaye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kutunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel, mwaka wa 2004. Alifariki Septemba 2011.

Kwa jumla, takriban wanafunzi 800 walisafiri chini ya mpango wa Mboya hadi mwaka wa 1963. Wengi walirejea kuwa wahadhiri, wahandisi, madaktari na watumishi wa serikali katika taifa changa. Waliowasaidia hawakuishi kuyaona yote. Rais Kennedy aliuawa Dallas Novemba 22, 1963, Robert akauawa Juni 1968, naye Mboya akapigwa risasi jijini Nairobi Julai 5, 1969.

Haifai kudai kwamba kifo cha Joe kilikuwa na faida kwa sababu ya yaliyofuata. Kijana aliyekufa akiifuata shabaha tupu, kwa mtambo ulioonywa kuwa na hitilafu, alikufa bila sababu ya kutosha, na mjane wa Willy aliachwa na watoto watatu ambao hakuna wakfu uliopewa jina la baba yao. Linaloweza kusemwa ni dogo zaidi, nalo ni kweli. Baba aliyekosa maiti ya kuzika aliamua jina la mwanawe lifanye kazi ambayo mwenyewe hakuwahi kupata nafasi ya kuifanya. Kutoka misitu ya Suffolk, ambako ndege ya mwisho ya Joe haikufika ilikokuwa ikienda, jina hilo lilikuja kuzilipia ndege nyingine, nazo zilifika.